Karatasi Tuliyoigawa Kama Nyama

Mkasi niliokatia ile karatasi bado ninao. Wanangu wananiambia niutupe kwa sababu umeota kutu, na kila wakisema hivyo nawafokea. Sasa naeleza mara moja tu, na mtu asiniulize tena.

Wakati ule wa Wabeleji nilikuwa fundi wa kushona pale Kasongo, kwenye baraza la duka la Madamu mmoja, mjane wa Kizungu aliyeuza vitambaa. Cherehani ilikuwa yake, mikono ilikuwa yangu. Nilikuwa kijana, na niseme kweli, nilikuwa na majivuno ya jogoo. Kwa kukata koti sikumwona mwenzangu kutoka Nyangwe mpaka Kabambare. Madamu alipokea magazeti ya mavazi kutoka Bruseli. Ananionyesha picha tu, mimi namtolea gauni lenyewe, na wake za Wazungu wakawa wanakuja mpaka kutoka mashamba ya mbali.

Kila mwaka mvua zikikaribia kwisha, Madamu alikuja kwenye meza yangu kuazima mkasi. Alishika karatasi kubwa, nzito, yenye nakshi za kijani. Upande wa kushoto amechorwa mwanamke mrefu, kavaa gauni la kuburura na kofia ya manyoya ya ndege. Upande wa kulia kuna visanduku vidogo vimepangwa juu kwa chini, kila kimoja na namba yake. Madamu anakata kisanduku kimoja, anakitia mu bahasha, anakituma Ulaya. Miezi inapita, halafu franga, pesa zao, zinafika. Mwaka wa kwanza nikasema huu ni uchawi wao. Mwaka wa pili nikashindwa kuvumilia, nikauliza.

"Hii ni aksyo," akanijibu. "Ni hisa. Kule Bruseli kuna nyumba inashonea matajiri, gauni na mikoba ya ngozi ya mamba. Mimi iko na fungu langu ndani. Wakipata faida, na mimi napata."

"Madamu, mbona jina lako halimo? Watajua namna gani kama ni yako?"

"Hakuna jina. Hii karatasi iko ya mutu mwenye kuishika."

Maneno hayo yaliniwasha kama funza kwenye kidole. Nilikuwa nashona huku nawaza. Wenzangu wote walikuwa wanainama kwenye pamba ya lazima, jua linawachoma, na siku ya soko wanalipwa kiasi cha kununulia chumvi. Mimi nikasema moyoni: pamba inaweza kuoza shambani, lakini mwanamke tajiri hawezi kutembea uchi. Aliye na fungu katika gauni lake hatalala njaa.

Mwaka uleule yaya wangu aliolewa. Lazima nimweleze yaya. Mama yetu alifariki nikiwa sijaanza kutembea, na huyu dada yangu mkubwa, naye mtoto bado, ndiye aliyenibeba mgongoni, akanitafunia muhogo, akanipeleka kwa masista nipate kusoma. Akaolewa na mwanamume wa Kabambare, kapita wa pamba, msimamizi wa mashamba, mtu wa sauti kubwa na kofia ya kaki. Alitoa mahari ya kutosha: mbuzi, majembe, vitambaa na franga.

Kwetu mahari ya dada ndiyo anayoolea kaka. Lakini kabla sijaigusa, baba alikuwa na sehemu yake, mjomba yake, shangazi yake. Wakakutana kwa baba, kijijini, mwendo wa saa moja kutoka mjini. Mjomba alifika kutoka Wamaza kwa miguu, shangazi kutoka Nyangwe na kikapu cha samaki wakavu. Yaya alikuwa jikoni, alikuwa hajapelekwa bado kwa mumewe. Nikasimama mbele yao na suruali yangu iliyopigwa pasi, nikawaambia mimi sitaki kuoa mwaka huu. Madamu anarudi kwao, anauza hisa zake, na moja atanipa mimi kwa bei ya mahari ile. Tuuze mbuzi, tuuze kila kitu, tununue karatasi, na kila mwaka tutakula faida.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Mwipwa, karatasi inazaa? Mbuzi ndiyo inazaa."

"Mbuzi inazaa, mjomba, na chui anaikula. Wewe umeona wapi chui anakula karatasi?"

Wote wakaangua kicheko, hata baba, na pale nikajua nimewashika. Ulimi wangu ulikuwa mtamu siku hizo. Shangazi akasema, "Sawa, baba," maana shangazi huniita baba, "lakini mimi fungu langu nataka nilione mu mukono wangu. Sitaki kuambiwa fungu lako liko kwa fulani." Na mjomba akaunga mkono. Kwetu nyama hugawanywa palepale ilipoanguka, kila mwenye haki anaondoka na kipande chake kinadondosha damu. Ukisema nitakuwekea, umeshaleta maneno, na maneno ya nyama huua watu.

Nikawaambia hilo ni jambo dogo. Je, si nilimwona Madamu kwa macho yangu akiikata, tena kwa mkasi wangu? Karatasi yenyewe imeumbwa ya kukatwa! Hivyo ndivyo nilivyofikiri, mimi fundi, mimi msomi wa masista.

Nikainunua. Nikaileta kwa baba jioni ya Jumapili, nikaitandaza juu ya mkeka safi. Yule mwanamke wa kwenye picha ndiye aliyetuongoza. Kichwa na kofia ni cha mwenye nyumba, kwa hiyo baba. Kidari changu. Kiuno cha shangazi. Mguu, kama kwa mnyama yeyote, ni wa mjomba. Nikapiga mistari kwa chaki, nikakata mara tatu, toka ukingo hadi ukingo, kila mtu na visanduku vyake pembeni. Mistari ilinyooka hata shangazi akapiga kigelegele. Tukakubaliana visanduku tusivikate kwanza, tuviache viive kama ndizi. Halafu yaya akatuletea kuku na ugali wa muhogo, tukala, tukanawa, kila mmoja akaenda na kipande chake. Wiki iliyofuata mume wake akaja kumchukua.

Madamu akaondoka. Duka likachukuliwa na Msyo mmoja, Mzungu kijana, nami nikabaki barazani na cherehani yangu. Baba alikaa miaka miwili tu. Homa ya siku nne ikamwondoa, tukamzika nyuma ya nyumba yake. Yaya hakuja kwenye matanga. Tulituma habari Kabambare, mumewe akajibu kwamba pamba haina matanga. Hapo ningepaswa kufahamu. Nilikasirika, nikatukana, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Miezi saba baadaye nikiwa nakunja suruali za mteja, nikaona mwanamke amesimama chini ya baraza, hapandi. Miguu imejaa vumbi la siku nyingi. Mkono wa kushoto kaufunga kwa kitambaa, umevimba kama kiazi. Alipofungua mdomo kunisalimu, niliona meno mawili ya mbele hayapo. Ni yaya wangu.

"Nimetembea," akasema. "Usinirudishe."

Mama yangu! Nililia pale barazani mbele ya wateja, mtu mzima na tepu shingoni. Nikamshika, nikamwambia harudi, labda waniue mimi kwanza. Nikaapa kwa kaburi la baba. Yaya akanisikiliza kwa utulivu tu, akaomba maji.

Kumbe mumewe alikuwa ametangulia kushtaki kwenye tribinali, mahakama ya chifu, kule Kabambare. Nikaitwa, nikaenda. Wazee wa tribinali walinisikiliza habari ya meno na mkono, wakatikisa vichwa, wakasema ni vibaya, kweli ni vibaya. Halafu wakasema lao: mwanamke aliyetolewa mahari ana mwenyewe. Ndugu zake wakirudisha mahari yote, mpaka jembe la mwisho, yuko huru. Wasiporudisha, kaka yake amrudishe yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya mashahidi. Mahari au muke. Soko la pamba likifungwa, kimoja kiwe kimefika. Yule kapita alikuwa amekaa mbele yangu anachokonoa meno yake mazima kwa njiti.

Nilirudi Kasongo nikijipa moyo. Mahari ipo, si tulinunua karatasi? Nikatoa kidari changu kwenye mtoto wa meza, nikampelekea Msyo, nikamwambia nataka kuuza. Msyo alikishika, akakigeuza, akacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Nani alikata hii?"

"Mimi."

Akakilaza mezani. Akanieleza polepole kwamba Madamu alikuwa anakata kisanduku tu, kisanduku kimoja, na karatasi yenyewe haikatwi hata siku moja. Akafungua gazeti la kwao, akatafuta kwa kidole. Ile nyumba ya mavazi inaendelea vizuri sana, akasema. Hisa moja leo inalipa ile mahari mara mbili na chenji inabaki. Sijui kama alitaka kunifariji au kuniua.

"Sikiliza, fundi. Letea mimi vipande vyote. Tutavigandisha juu ya karatasi ingine, nitaandika barua, pengine watakubali, na mimi nitakupa franga mbele. Lakini vyote. Kimoja kikikosa, mwingine anaweza kusema ndiye mwenye nacho. Pale hakuna kitu."

Soko la pamba lilikuwa limebakiza wiki tatu.

Nikaazima baiskeli, nikaenda Nyangwe. Shangazi alikuwa amekibandika kiuno ukutani, kwa uji wa muhogo, karibu na mlango, ili wageni wakione. Nilishinda nusu siku nikilowesha kwa kitambaa, nachokonoa kwa ukucha, udongo unaanguka, shangazi nyuma yangu anasema, "Taratibu, baba, taratibu." Kilitoka na tope mgongoni lakini kizima. Akanipa samaki wa njiani, akakataa kuniambia kwaheri kwa sababu alikuwa analia.

Kutoka hapo Wamaza. Baiskeli ilipasuka mpira, nikaiacha kwa mtu, nikatembea. Mjomba hakunikaribisha hata kiti. "Ulisema chui haikuli karatasi," akaniambia. "Ulisahau muchwa." Akateremsha kibuyu kutoka kwenye dari ya nyasi. Nikatoa kipande ndani yake. Mchwa walikuwa wamekula pembe moja, lakini miguu ya mwanamke ilikuwepo, na namba za visanduku zinasomeka. Nikapiga magoti, nikaushika mguu wa mjomba. Akauvuta. "Usinishukuru mimi. Nenda umuokoe dada yako, mupumbafu we." Nikaenda. Siku zote zile sikuwa na usingizi wala njaa, nilikuwa nahesabu tu siku za pamba.

Nilifika nyumbani zikiwa zimebaki siku nane. Vipande vitatu viko shatini, kifuani. Nikamwambia yaya, bado cha baba tu, na hicho kiko hapa hapa. Vitu vya baba vyote vilikuwa kwenye kisanduku chake cha bati, chini ya kitanda changu. Tukakifungua pamoja. Kiko chake cha tumbaku kimo, tasbihi iko, wembe uko, buku yake ya kodi iko, sarafu tatu, kipande cha sabuni. Karatasi hakuna. Nikamwaga vyote chini. Nikang'oa gazeti lililotandikwa ndani. Nikapiga bati kwa ngumi kama linanificha. Hakuna.

Yaya alikuwa ameokota ile buku ya kodi, anaiangalia mkononi.

"Koti lake liko wapi?" akauliza.

"Koti gani?"

"Jeusi. Ulilomushonea."

Nilikuwa bado sijafahamu. Yaya akaendelea taratibu. Baba alikuja kumtembelea Kabambare mara moja kabla hajafa, amevaa lile koti la misa. Akajigonga kifuani, akamwambia mwanangu amenishonea mfuko wa siri ndani, nimemwambia ni wa buku ya kodi, kumbe nimeweka kile kichwa, mwizi anayekitaka aniue kwanza.

Nikakaa chini. Mfuko ule niliushona mimi. Na siku ile ya kifo, watu wakisubiri nje, mimi ndiye niliyemvika baba lile koti, nikamfunga vifungo kimoja kimoja. Nilipomlaza mikono kifuani nilisikia kitu kikavu kikiparuza chini ya kiganja. Nikasema ni kile kitambaa kigumu ninachotia ndani ya makoti yangu yasikunjamane. Hata nikajisifu kidogo, Mungu anisamehe. Nikasema, angalia, koti la baba linakaa vizuri hata sasa.

Kesho yake mchana, kijiji chote kikiwa shambani kuvuna pamba ya mwisho, nilichukua jembe nikaenda nyuma ya nyumba ya baba. Kwetu anayefukua kaburi si mtu tena. Hata wachawi wanaofanya hivyo hawalitaji jambo hilo. Nilijua, na bado nilipiga jembe la kwanza, la pili, la tatu. Udongo ulikuwa laini. Nilikuwa nasema kwa sauti, baba nisamehe, baba nisamehe, ni kwa ajili ya yaya.

Mkono ukashika mpini. Alikuwa amenifuata toka mjini na ule mkono wake mbovu.

"Acha baba alale."

"Yaya, kiko hapa! Kiko hapa chini! Mikono miwili tu ya udongo, natoa, unakuwa huru!"

"Hii udongo iko na muchwa kuliko ya Wamaza. Utakuta nini? Utakuta baba."

Nikamwambia sijali. Nikamwambia nimeapa. Nikalivuta jembe, akalishika kwa ule mkono mmoja, na alikuwa na nguvu kuliko mimi, kama zamani. Nikapiga kelele kwamba ile karatasi ilikuwa mali yetu sisi sote, kila mtu alipata fungu lake.

Yaya akaniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo siwezi kusahau.

"Ile siku ya kugawa," akasema, "mimi mulinipa kipande gani?"

Nilifungua mdomo. Mdomo uliomchekesha mjomba, mdomo uliowashinda wazee. Kichwa cha baba, kidari changu, kiuno, mguu. Nilitafuta na sikupata.

"Mimi nilipika," akasema yaya.

Akarudisha udongo kwa mguu wake, akausawazisha, akaweka mawe yake ya juu kama yalivyokuwa. Akaniambia nibebe jembe twende nyumbani, watu wasituone.

Nilijaribu mengine. Nilimwomba Msyo anikopeshe, akasema anaweza kunipa mshahara wa mwezi mmoja, ambao haukutosha hata majembe. Nilikwenda kwa padri, akaniahidi maombi. Nilifikiri tukimbie, lakini tungekimbilia wapi? Bila pasi ya njia polisi wanakurudisha kabla hujavuka mto, na tribinali ingemshika mjomba mahali pangu. Siku nne kabla ya soko kufungwa yaya aliamka mapema, akaoga, akajifunga kitambaa kipya. Alikataa kungoja mumewe aje kumchukua na baiskeli kama gunia. Alisema tutatembea wenyewe. Nilitaka kumbebea kikapu, akacheka kidogo, akifunika mdomo kwa sababu ya meno. "Wewe nilikubeba mimi," akasema.

Tulitembea siku nne. Hatukuzungumza mengi. Alinionyesha mti mmoja wa matunda, akaniambia siku anakimbia alilala chini yake. Uani kwa yule kapita mashahidi wawili wa tribinali walikuwa wamekaa tayari. Kapita hakusimama.

"Shemeji, karibu. Umeleta nini, mahari ao muke?"

Hapo ni lazima kaka aseme kwa mdomo wake. Mashahidi hawakubali kichwa kutikiswa. Nilikuwa na vipande vitatu vya karatasi shatini, vinanichoma. Yaya alikuwa amesimama pembeni yangu, anaangalia mlango wa jiko.

Nikasema, "Nimeleta muke."

Wakaandika. Yaya akaweka kikapu chini, akaingia jikoni. Shemeji haondoki bila kula, ni tusi kubwa, na mwenye kulipia tusi hilo angekuwa yaya. Kwa hiyo nikakaa. Nikasikia kuku anapiga kelele nyuma ya nyumba, halafu kimya. Baadaye akatuletea ugali na kuku, akapiga goti, akanawisha mume wake, akaninawisha mimi. Firigisi aliiweka upande wangu wa sahani, kama inavyotakiwa. Nikala.